Kikulacho ki nguoni mwako: Jezi za siri na gharama yake katika ndoa

SANDUKU lenyewe lilikuwa la bati, la rangi ya samawati, mfano wa lile ambalo kila mzazi wa Kenya aliyewahi kumpeleka mtoto shule ya bweni analifahamu. Lilikaa chini ya kitanda cha wageni katika nyumba yetu hapa Nkubu kwa miaka miwili na ushei, likiwa limefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake ulikuwa mmoja tu, nao haukutoka mfukoni mwangu.

Mama watoto aliamini kwamba ndani mlikuwa na vitabu vyangu vya chuoni. Ndivyo nilivyomwambia.

Januari 2024 kifungua mimba wetu aliitwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya kaunti. Alikuwa katika kundi la mwisho la watahiniwa wa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu: godoro, blanketi, sare, ndoo na, kama kawaida, sanduku la bati. Kwa nia njema ya kuokoa shilingi elfu kadhaa, mke wangu akalikumbuka lile sanduku. Mimi nilikuwa kazini. Fundi wa kufuli akaitwa.

Niliporejea jioni nilizikuta jezi 19 za Arsenal zimepangwa juu ya kochi, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Nne kati yake zilikuwa bado na vibandiko vya bei, kwa pauni za Uingereza. Mama watoto hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, na hili sanduku linasoma shule gani?"

Sina nia ya kumchekesha msomaji kwa masaibu yangu. Nimeyataja kwa kuwa katika mazungumzo ya baadaye na marafiki, wanaume kwa wanawake, nilibaini kuwa siri ya aina hii haikuwa yangu peke yangu. Mmoja huficha jezi. Mwingine huficha vitenge, viatu au vyombo vya kauri ambavyo havijawahi kupakuliwa chakula. Kwa hivyo inafaa tuulize: mapenzi ya kawaida kwa timu hugeukaje kuwa matumizi ya kufichwa? Siri hiyo hujificha wapi? Sheria inasemaje? Na mtu atokeje humo pasipo kuibomoa nyumba yake?

Mchezo uliogeuzwa duka

Kwa muda mrefu jezi ilikuwa vazi la mchezaji peke yake. Shabiki alikwenda uwanjani na koti lake na, akijiweza, skafu yenye rangi za timu. Hali hiyo ilianza kubadilika katikati ya miaka ya 1970, pale kampuni ya Admiral ya Uingereza ilipoanza kuwauzia mashabiki, hasa watoto, jezi zilizofanana na zile za klabu ya Leeds United na za timu ya taifa ya nchi hiyo. Watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo hiyo.

Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 1992, na msimu wa 1993/94 wachezaji wakaanza kuvaa majina na nambari za kudumu mgongoni. Hatua hiyo ilionekana kuwa ndogo, lakini ilibadilisha biashara nzima. Tangu hapo shabiki hakununua tu rangi za klabu, bali alimnunua pia mchezaji ampendaye. Mchezaji alipouzwa, jezi ikazeeka hata kama uzi wake ulikuwa bado mzima.

Leo klabu kubwa hutoa jezi tatu kila msimu: ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu. Kila moja huuzwa kwa daraja mbili. Ipo ya kawaida ya shabiki, na ipo ile iliyoshonwa kwa kitambaa kilekile cha wachezaji, ambayo bei yake hupita ya kwanza kwa mbali. Mtu anayetaka kukamilisha mkusanyiko wa msimu mmoja wa klabu moja anahitaji jezi sita, na msimu unaofuata anaanza upya. Hapo hatujataja za makipa, za mazoezi, wala zile za kumbukumbu.

Mapenzi haya huchochewa pia na kumbukumbu za zamani. Adidas ilipochukua tena kazi ya kuivisha Arsenal mwaka 2019, jezi yake ya ugenini ilifufua mtindo wa ile ya manjano ya 1991 hadi 1993, ambayo mashabiki waliibandika jina la utani la ndizi iliyopondeka. Mzee wa miaka 45 aliyeiona jezi ya awali akiwa mvulana hanunui kitambaa tu. Ananunua utoto wake.

Bei nazo hazikuachiwa soko huria nyakati zote. Agosti 2003, idara ya Uingereza iliyosimamia ushindani wa haki kibiashara iliyatoza makampuni kadhaa, ikiwemo klabu ya Manchester United, kampuni ya Umbro na maduka ya JJB Sports, faini ya jumla ya zaidi ya pauni milioni 18 kwa kula njama ya kupanga bei za jezi. Baadhi ya faini hizo zilipunguzwa baadaye kwa rufaa. Funzo linabaki kuwa mapenzi ya shabiki yamewahi kugeuzwa ng'ombe wa kukamwa, na wakamaji walijua wanachokifanya.

Huku kwetu, kizazi cha kwanza kilionjeshwa soka ya Ulaya na kipindi cha Football Made in Germany katika televisheni ya taifa. Baadaye zikaja dishi za setilaiti na vibanda vya kutazamia mechi. Nwankwo Kanu wa Nigeria alipojiunga na Arsenal mwaka 1999, na baadaye Lauren wa Cameroon na Kolo Toure wa Cote d'Ivoire wakiwa miongoni mwa kikosi kilichomaliza msimu wa 2003/04 bila kushindwa katika ligi, wengi wetu tulihisi kwamba timu ile ni yetu. Victor Wanyama alipotua Southampton mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu hiyo, hisia zilizidi. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Ubaya huanza pale mapenzi yanapohitaji kufuli.

Hesabu kwa kipimo cha chai

Tuzitazame fedha zenyewe. Katika misimu ya hivi karibuni jezi ya kawaida ya mtu mzima imeuzwa Uingereza kwa takriban pauni 80, ambazo kwa viwango vya ubadilishanaji vya mwaka 2025 ni zaidi ya Sh13,000. Tangu Julai 2022, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zinazotoka nje ya jumuiya ni asilimia 35. Ukiongeza ushuru huo na kodi ya ziada ya thamani (VAT) ya asilimia 16, jezi ya Sh13,000 yaweza kufikia takriban Sh20,000 kabla ya gharama ya kuisafirisha.

Sasa tulete hesabu hiyo Imenti Kusini, ambako nyumba nyingi hutegemea chai, kahawa na ndizi. Tuchukulie kwamba mkulima analipwa Sh25 kwa kila kilo ya majani mabichi mwisho wa mwezi. Jezi moja ya Sh20,000 ni kilo 800 za majani. Mchumaji akichuma kilo 30 kwa siku, atahitaji siku 27 za kuinama shambani, kukiwa na mvua au jua, ili mtu mmoja avae jezi moja.

Tuipime pia kwa karo. Kwa mwongozo wa serikali, karo ya mwaka katika shule ya bweni ya kaunti ilikuwa Sh40,535 wakati mwana wangu alipojiunga. Jezi mbili kama hizo humaliza karo hiyo karibu yote.

Mke wangu alizifanya hesabu hizi kabla yangu, nyuma ya ile ile orodha ya mahitaji ya shule. Jezi nne halisi zilinigharimu wastani wa Sh18,000 kila moja, yaani Sh72,000. Nyingine 15 zilikuwa za bei nafuu, zikiwemo za kuigiza na za mitumba, kwa wastani wa Sh2,500, yaani Sh37,500. Jumla ikawa Sh109,500, zaidi ya karo ya miaka miwili na nusu. Mimi sikuwa nimewahi kuijumlisha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini anayejaza kibaba cha siri hujihadhari asitazame kimejaa kiasi gani.

Kuna jambo lingine la wakati. Jezi mpya hutangazwa kati ya Mei na Agosti. Mwaka wa kifedha wa viwanda vya chai vya wakulima wadogo huishia Juni, na bonasi hulipwa miezi michache baadaye, aghalabu ifikapo Oktoba. Kwa hivyo deni la Agosti husubiri bonasi ya Oktoba, na karo ya Januari hukuta mfuko umekwisha kutoboka. Katika nyumba nyingi, namba ya mkulima kiwandani imeandikishwa kwa jina la mume, ilhali anayeamka alfajiri kwenda kuchuma ni mke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nilipomega bonasi ya Oktoba 2023, nilimega jasho la mtu mwingine, na huyo mtu nililala naye chumba kimoja.

Siri hujificha wapi?

Zamani mume aliyetaka kuficha fedha alizichimbia shambani au alizikabidhi kwa rafiki. Siku hizi simu imerahisisha mambo. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007 iliwaletea Wakenya wengi nafuu kubwa ya kutuma na kupokea fedha. Papo hapo iliyatoa matumizi ya nyumbani mezani na kuyatia ndani ya kifaa chenye nywila.

Hatua za ufichaji hufanana. Kwanza hufutwa ujumbe wa malipo. Kisha hununuliwa laini ya pili ambayo haijulikani nyumbani. Baadaye kifurushi hutumwa kutoka Nairobi kwa matatu, na mwenyewe hukipokea stejini na kukiacha dukani kwa rafiki hadi giza liingie. Mwisho huja uongo wa bei: jezi ya Sh4,000 husemekana ni ya mitumba, "ya mia tatu tu." Huo wa mwisho ndio hudumu zaidi, kwa sababu macho ya asiye shabiki hayawezi kutofautisha.

Kinachosahaulika ni kwamba kufuta ujumbe hakufuti kumbukumbu. Mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya miamala yake kupitia *334#, na miezi yote hujitokeza safu kwa safu. Nilipoiomba yangu, kwa hiari yangu, baada ya tukio la sanduku, niliisoma kama mtu anayesoma barua ya mgeni.

Hatari kubwa zaidi ni mkopo. Huduma ya Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lake lisipotosha, kisha deni na ada hukatwa zenyewe pindi fedha zozote zinapoingia katika akaunti. Hapo ndipo siri huanza kuwala wasiohusika. Mke hutuma Sh600 za unga na mafuta, nazo zinapofika simuni humezwa na deni la jezi. Mume hana budi kubuni uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza.

Wapo pia waliojikuta katika mikono ya wakopeshaji wa programu za simu. Miaka michache iliyopita baadhi yao waliwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha, na ndoa kadhaa zilipata habari za madeni kwa njia hiyo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizoanza kutumika Machi 2022, zilipiga marufuku tabia hiyo na kuwataka wakopeshaji wawe na leseni. Kanuni hizo zimemlinda mdaiwa dhidi ya aibu. Hazikumlinda dhidi ya deni lenyewe.

Kwa nini tufichane?

Jibu jepesi ni kwamba mume ni mbinafsi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi.

Mtafiti Jonathan Robinson alichapisha mwaka 2012 matokeo ya utafiti uliofanywa Busia, magharibi mwa Kenya, miongoni mwa wanandoa wenye kipato cha kila siku. Kwa majuma kadhaa, mume na mke walikuwa na nafasi ya kupewa Sh150 kwa kubahatisha. Ilibainika kwamba mume alipozipata yeye, matumizi yake binafsi yalipanda, ilhali mkewe alipozipata, matumizi hayo ya mume hayakupanda. Kwa maneno mengine, ingawa walikula meza moja, mifuko haikuwa mmoja.

Naye Nava Ashraf, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanandoa wa Ufilipino, aliangalia waume ambao wake zao ndio wasimamizi wa akiba ya nyumba. Walipopewa fedha kwa siri, waliziweka katika akaunti zao wenyewe. Walipopewa mbele ya wake zao bila nafasi ya kujadiliana, waliharakisha kuzifunga katika matumizi yao binafsi. Lakini walipotakiwa kuzungumza na wake zao kabla ya kuamua, waliziweka katika akaunti za wake zao. Fedha zilikuwa zilezile na watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kama mazungumzo yalitangulia au la.

Ninapotazama nyuma naona nilificha kwa sababu tatu. Niliogopa kuambiwa hapana. Niliogopa zaidi kuchekwa, kwa maana ni vigumu kwa mtu mzima kueleza kwa nini shati lenye jina la kijana wa London lina thamani kwake. Na la tatu, ambalo ni zito kuliko yote, nilikwisha kujua jibu la haki lilikuwa lipi. Mtu haombi ruhusa ya jambo ambalo dhamiri yake imekwisha kulikataa.

Siri haikai peke yake pia, bali huzaa nyingine. Usiku ule mke wangu alinifungulia ya kwake: kwa miaka miwili alikuwa akichanga katika chama ambacho sikukijua. Aliona fedha zinayeyuka nyumbani bila kujua zinakokwenda, akaona heri afiche akiba kuliko kuiacha iyeyuke pamoja na nyingine. Fedha za chama hicho ndizo zilizolipa karo ya muhula wa kwanza. Mimi nilificha matumizi, yeye akaficha akiba. Msomaji hana haja ya kuambiwa ni siri ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa na heshima.

Sheria yasemaje?

Kununua jezi si kosa la jinai, na hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mume au mke kueleza kila shilingi anayotumia. Hata hivyo, zipo sheria zinazogusa suala hili kwa karibu.

Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinatambua kuwa wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaeleza kwamba madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya ndoa hubebwa na wote wawili kwa usawa. Neno la kuzingatia hapo ni manufaa ya ndoa. Mtu aliyekopa kwa siri ili kujaza sanduku atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba mwenzake anufaike na deni hilo kwa kulilipa.

Sheria hiyohiyo inazuia mali ya ndoa katika ndoa ya mke mmoja kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Kwa hiyo anayefikiria kuziba pengo la siri kwa kukodisha kipande cha shamba la ndoa kimyakimya anaingia katika kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Isitoshe, sheria inautambua mchango usio wa fedha taslimu: kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa Katiba haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu moja kwa moja ndoa inapovunjika, bali kila mmoja aonyeshe mchango wake. Kwa mke achumaye chai inayolipwa kwa jina la mume, uamuzi huo unamfanya awe na sababu zaidi ya kujua na kuhifadhi rekodi za mapato ya nyumba.

Mwisho, Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inatambua dhuluma za kiuchumi, zikiwemo kumnyima mwenzako bila sababu fedha anazozihitaji kwa mahitaji ya lazima kama matibabu na karo. Jezi moja haimfanyi mtu dhalimu. Lakini watoto wakifukuzwa shuleni huku sanduku likijaa, mpaka baina ya uraibu na dhuluma huwa umeanza kufifia.

Njia ya kutoka

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Aliye na siri ya aina hii ana nafuu moja tu ambayo mimi niliikosa: anaweza kuisema mwenyewe kabla haijafunguliwa na fundi wa kufuli.

Hatua ya kwanza ni kujumlisha. Chukua taarifa ya miamala, hesabu ulivyonavyo na andika jumla moja. Usiende kwa mwenzako na nusu ya ukweli, kwa kuwa nusu iliyobaki ikijulikana baadaye itafuta hata ile uliyoitoa kwa hiari. Taja na madeni, maana hayo yana uharaka kuliko vitu vyenyewe.

Hatua ya pili ni kuchagua wakati. Usizungumze mbele ya watoto wala wageni, wala siku ambayo karo inadaiwa. Mkishindwa kuelewana, jamii zetu hazijakosa wasuluhishi: wasimamizi wa ndoa, wazee wa ukoo, viongozi wa dini. Muhimu ni kwamba anayetafutwa awe mtu ambaye wote wawili wanamstahi.

Hatua ya tatu ni kuuza. Hapa nitoe tahadhari kwa wenzangu wanaojifariji kuwa jezi ni uwekezaji. Zipo jezi adimu ambazo thamani yake hupanda, hasa zilizovaliwa uwanjani na wachezaji mashuhuri na zenye ushahidi wa kuaminika. Zile za kawaida hushuka bei mara tu msimu unapomalizika, na za kuigiza hazina thamani ya kusemwa. Zangu 18 ziliniletea Sh31,000, karibu theluthi moja ya nilizotumia. Hizo nilizomlipa mhasibu wa shule kwa muhula wa pili.

Hatua ya nne ndiyo iliyotufaa zaidi. Tulikubaliana kwamba kila mwezi, baada ya karo, chakula, bima ya afya na akiba, kila mmoja wetu apate Sh1,500 ambazo mwenziwe hataziuliza. Mimi nikitaka jezi, nangojea zitimie. Yeye akitaka kitenge, vivyo hivyo. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kimeondoa haja ya uongo. Tumekubaliana pia kwamba ununuzi wowote unaozidi Sh5,000 uzungumzwe kwanza, na kwamba malipo ya chai yaingie katika akaunti ambayo sote wawili tunaona salio lake.

Kwa upande wa mwenza aliyefichwa, ninalo ombi moja, japo sina haki kubwa ya kuomba. Hasira ni haki yako. Lakini ukivichoma au kuvigawa vitu vile kwa ghadhabu, utakuwa umechoma fedha ambazo zingeweza kurudi nyumbani, na utamfundisha mwenzako kutafuta maficho bora zaidi. Mke wangu angeweza kuniumbua mbele ya wazazi wangu. Badala yake alizikunja zile jezi, akazihesabu, akanikabidhi jumla. Sikuweza kubishana na jumla.

Mwana wetu aliripoti shuleni wiki moja baada ya wenzake. Siku ile tulisimama watatu kando ya barabara kuu ya kwenda Embu tukingojea matatu, sanduku la samawati likiwa katikati yetu, limejaa sabuni, madaftari na shuka. Kufuli lilikuwa jipya. Funguo zilikuwa mbili: mmoja aliuvaa mtoto shingoni kwa uzi, na wa pili ukabaki na mama yake.

Mimi sikupewa, wala sikuuomba.